Walidhani Naomba

Mpaka leo nikipita Mtendeni damu hunichemka. Kampuni yetu ilipokuwa ikilaza mabomba ya maji pale, mimi ndiye niliyekuwa mhandisi wa saiti, mwanamke wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Aliyenitangulia aliwaporomoshea vibarua matusi ya nguoni asubuhi hadi jioni, na wakubwa walimwita mchapakazi.

Mimi nimelelewa Nzega, katika nyumba ambayo binti humpigia mzee magoti anapomsalimia. Hivyo kila asubuhi nilianza na msimamizi wa vibarua, mzee wa rika la baba yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Siku moja mvua ilinyesha usiku kucha. Nilipofika nikakuta vibarua wameshaingia mtaroni, hata vichwa havionekani, na juu, kando ya mtaro, ardhi imefanya ufa mrefu. Yeyote aliyewahi kuchimba anajua ufa wa namna hiyo maana yake nini.

"Mzee, naomba vijana watoke kwanza," nilisema. "Udongo huu si salama."

"Tunamalizia, mwanangu. Ondoa hofu."

Nikarudia, kwa sauti ileile ya adabu. Akacheka kidogo, akawageukia watu wake: "Chapeni kazi!"

Donge la udongo likadondoka mtaroni. Hapo sikungoja tena.

"Tokeni! Wote! Acheni makoleo, tokeni sasa hivi!"

Nadhani hata mama muuza vitumbua ng'ambo ya barabara alishtuka. Walitoka wakinung'unika. Wa mwisho alikuwa bado anajipangusa magoti ukuta wa mtaro ulipoporomoka na kufukia bomba, makoleo na pale pote walipokuwa wamesimama.

Sikungoja shukrani. Lakini sikutegemea kuitwa ofisini.

"Umemdhalilisha mzee wa watu mbele ya vijana wake," meneja aliniambia.

"Bosi, mtaro umeporomoka."

"Hilo nimeshalisikia. Mimi nazungumzia lugha. Mwanamke ukiwa kiongozi unatakiwa uwe na busara. Kesho utamwomba radhi, mbele ya wote."

Busara! Tungekuwa tunafukua maiti, naye angeniuliza kwa nini sikupiga kelele.

Kesho yake nilisimama mbele yao.

"Mzee, shikamoo. Nimeagizwa nikuombe radhi kwa kukupazia sauti. Kama nilikuvunjia heshima, nisamehe. Lakini kuwatoa watu mtaroni, hilo siliombei radhi."

Mzee akatazama chini. "Ungeniambia taratibu tu, mwanangu."

"Nilikwambia taratibu, mzee. Ukacheka."

Ndipo yule aliyetoka mwisho, mtu mzima mwenye watoto wake, akasema, "Kweli alisema, mzee. Sote tulimsikia. Ila tulidhani anaomba."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana maneno yake yalinichoma zaidi. Wangekufa huku wamenisikia! Adabu niliyofunzwa nyumbani, mwanamume akiitumia kazini husifiwa kuwa muungwana, na watu hutii. Kwangu ilikuwa ombi la kupuuzwa. Nilipoamuru, nikawa mkali.

"Basi, yaishe," mzee alisema, akaenda kuchukua koleo. Tangu siku hiyo aliniuliza kila asubuhi kama waingie. Hakuniita tena mwanangu, aliniita mhandisi. Sikujua kama ni heshima au kinyongo, wala sikumuuliza.

Nafasi ya mkuu wa miradi ilipopatikana, alipewa kaka mmoja niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe. Nikamwendea meneja kumuuliza sababu.

"Kazi unaiweza," alisema. "Tatizo una hasira."

"Ninazo," nilimjibu. "Na wewe ni mmoja wa walionipa."

Nikatoka bila kuaga. Bado nipo kazini. Sasa tunachimba kuelekea Ulyankulu, kwenye udongo wa kichanga usioaminika, na hakuna kibarua anayekanyaga mtaroni kabla sijaukagua.