Gemu Mpya Haina Kufa

Juzi nilikuwa kwa kibanda cha gemu huku Rongai, nikingoja simu ijae chaji. Mwenye kibanda alikuwa ameleta toleo la pili la gemu ya kupigana ambayo vijana huipenda, na alikuwa akitafuna kucha. Katika ile ya kwanza, ukiuawa unainuka kwenye benchi, mwingine anakaa. Katika hii mpya unafufuka papo hapo, basi wanne walikalia benchi kama waliozaliwa hapo.

"Boss, sisi tutacheza lini?" waliosimama wakauliza. Wawili wakaondoka.

"Mathe, hawa wanaongoja wakiisha kuondoka nafunga kibanda," mwenye kibanda akaninong'oneza.

"Si urudishe ya zamani!" nikamwambia.

Akairudisha. Punde mmoja akauawa, akainuka akitusi. Mwenye kibanda akapumua.

Nilitoka nikiwaza viongozi wetu. Hao nani aliwawekea ile mpya?