Mjomba wa Kukodi

Vijana waliofika mjini bila ukoo humkodi jirani yangu awe mjomba wao siku ya posa. Koti ni lile lile. Kinachobadilika ni cha kichwani na cha mkononi. Kwa Waislamu huvaa kofia na kuanza kwa dua, kwa Wakristo hukumbatia Biblia, na kwa wanaoshika mila za mababu huenda na fimbo na hafungui mdomo mpaka aambiwe aketi. Ukuta wetu ni mwembamba, kwa hiyo jioni huwa namsikia akifanya mazoezi. "Kijana wetu ameona ua kwenye bustani yenu," husema, kisha hujijibu kwa sauti nzito ya baba wa binti, akijikatalia, akijibembeleza, hadi anajikubalia na kucheka peke yake.

Jana tulikuwa sokoni, anachagua nyanya zake mbili kama kawaida, mwanamke mjamzito akamshika mkono.

"Shikamoo, mjomba. Mbona tangu harusi hujaja kututembelea? Mume wangu hana mwingine ila wewe."

Nyuma yake mume aliinamia viatu vyake. Kumbe hakuwahi kumwambia mkewe.

"Marahaba, mwanangu. Ni kazi tu. Nitakuja."

Mume akamvuta taratibu, wakaondoka. Mzee alibaki na nyanya mkononi, akiwasindikiza kwa macho mpaka wakapotea katikati ya watu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ukutani:

"Unajua wanakaa wapi?"