Hodi kwenye Gemu la Mdogo Wangu

Wiki nzima ya mwanzo nilimzungusha yule kijana wa kwenye gemu mitaani bila kumwingiza nyumba hata moja. Nilimpitisha kisimani, nikampeleka sokoni, nikamfikisha hadi kwenye zizi la mbuzi, na kila nilipofika mbele ya mlango wa mtu nilimsimamisha, nikapiga hodi kwa mdomo wangu mwenyewe, nikiwa nimekaa pale kwenye mkeka sebuleni kwa mama. Hodi, hodi, hodi. Nisipojibiwa nikamgeuza. Ndivyo tulivyolelewa: hodi tatu, kimya, unaondoka. Mwenye nyumba hayupo, au yupo na hataki kuonwa, na yote mawili hayakuhusu. Nikaamua kuwa gemu lenyewe halina maana. Mtu anatembea, anatembea, halafu umeme unakatika.

Gemu lilikuwa la mdogo wangu. Si yeye aliyelitunga. Lile la asili ni la zamani sana, alilicheza tangu anasoma, kwenye kibanda kimoja hapa hapa Mtanda, na mama alimfuata huko na fimbo mara nyingi kuliko alivyomfuata madrasa. Kijana anatoka kijijini kwao na upanga, anapita nchi za watu akipigana na mazimwi, mwishowe anamkabili mfalme wa giza. Basi. Mdogo wangu alipokua akaenda Dar kutengeneza simu, na huko akajifunza kulifungua gemu lile kwa ndani na kulibadilisha atakavyo, kama fundi anayeshusha injini. Akalitia Kiswahili. Akatia majina ya kwetu. Mfalme wa giza akamfanya mchuuzi wa kangomba, yule anayepita vijijini kununua korosho za watu kwa bakuli badala ya mizani. Kila akija likizo alitaka nilicheze, nami kila mara nilikuwa na vitumbua jikoni.

Kisha akapata kiharusi, hata miaka arobaini hajafika. Wakamleta nyumbani kwa mama, ninapoishi na mimi tangu ndoa yangu iliponishinda. Upande wa kulia haukumtii, mdomo ulikuwa umekwenda upande, na neno halikumtoka hata moja. Tulimweka kwenye kiti karibu na dirisha, akawa anatazama. Anatazama nini, hatukujua. Daktari wa pale mjini alisema apelekwe mazoezi kila wiki, ila kuhusu akili akatuambia hawezi kujua anaelewa kiasi gani. Nikamchukia daktari yule kwa kusema kweli.

Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Baba alizaa, akafa, Mungu amrehemu, lakini neno la mwisho lipo kwa kaka yake mama, naye anakaa Rondo na mikorosho yake. Alipokuja kumwona mpwa wake alikaa mbele yake, akamsalimia, akamuuliza anaendeleaje, akamuuliza kama anamkumbuka, akamuuliza kama anaumwa, yote kwa mfululizo mmoja. Akasonya. Tulipotoka uani akamwambia mama, wala hakushusha sauti:

"Dada, nyumba hii haina mtu. Zimebaki kuta."

Akasema akimaliza kuvuna korosho atakuja na gari amchukue, akalale Rondo kwa wazee wake mpaka Mwenyezi Mungu atakapoamua. Mama akalia, akakubali. Mimi nikauliza huko Rondo mazoezi atafanyishwa na nani, mikorosho? Mama akanifinya paja. Mjomba akisema, kikao kimekwisha.

Mimi nilikuwa na hasira na sikuwa na hoja. Maana kusema kweli hata mimi sikujua kama yumo. Kuna wakati nilimtazama machoni nikamwona kabisa, yule yule mtundu, na nikigeuka kidogo nikirudi, hayupo. Nilitaka kitu kimoja tu cha kumwonyesha mjomba kabla gari halijafika.

Ndipo rafiki yake wa Dar alipoleta nguo zake na kompyuta yake yenye lile gemu. Tulipoiwasha, muziki wa gemu ukaanza, tiririri tiririri, na mdogo wangu akageuza kichwa. Hakuwa amegeuka kwa kisomo cha redioni, wala kwa kilio cha mama, wala kwa mpira. Akageuka kwa tiririri. Basi nikajitwisha kazi hiyo. Kila siku baada ya alasiri nilitandika mkeka miguuni pake, nikaweka kompyuta kwenye kinu kilichofudikizwa ili aone vizuri, nikawa nacheza.

Nacheza ni neno kubwa. Nilikuwa napotea. Ardhi ya lile gemu la zamani hakuigusa, alibandika majina tu juu yake, na sijui aliyabandika akiwa na akili gani. Njinjo aliiweka ufukweni. Nimekwenda Njinjo kwenye msiba, nimelala huko, sijaona bahari. Rondo ikawa kisiwa. Mimi najua Rondo ni kupanda, basi siku baada ya siku nilimpandisha yule kijana mlimani kuitafuta Rondo, mpaka nikamfikisha mahali peupe pote, nikadhani ni chumvi. Ilikuwa theluji. Huko akapigwa na nguruwe mwitu, akafa, nikaambiwa sijasevu. Kusevu ni kitu gani? Hakuna aliyenieleza. Na kupigana kwenyewe ni kwa zamu: unamkata nguruwe panga moja, halafu unasimama umngoje naye akuume, kama mliokubaliana. Ukiishiwa nguvu unakunywa togwa. Hapo tu ndipo nilipoelewa kitu.

Mwisho nikampigia simu yule rafiki. Nikamwambia nimezunguka kijiji kizima hakuna anayenikaribisha.

"Kukukaribisha vipi, dada?"

"Napiga hodi, hawaitiki."

Alicheka mpaka nikataka kukata simu. "Dada, we zama tu ndani bana! Hiyo gemu. Unazama, unafungua mitungi yao, unafungua makabati, unachukua unachotaka. Ndo inavyochezwa."

"Niingie nyumba za watu niwaibie?"

"Si wizi, dada. Hawana neno. Kila mtu anafanya hivyo."

Sikupenda, lakini nikaingia. Nyumba ya kwanza kando ya kisima. Ndani palikuwa na bibi mmoja mdogo, wa ukubwa wa punje ya kunde, amejitanda kanga. Nikausogelea mtungi wake huku nimefumba jicho moja kwa aibu. Kabla sijaugusa, maneno yakatokea kwenye kioo: "Mtoto wa nani wewe? Umezaliwa porini? Hodi yako umeiacha wapi?" Na kijana wangu akajikuta ametupwa nje, kisimani, mwanzo kabisa, hana togwa wala panga.

Nikamsomea mama maneno yale. Mama akaacha kuchambua mchele. "Hayo maneno yangu!" akasema. "Ndivyo nilivyokuwa nikimgombeza. Kanisema mimi huyu!" Akacheka, akajifuta macho, akacheka tena. Mama alikuwa hajacheka tangu mdogo wangu aletwe. Nami nikazidi kuchanganyikiwa, kwa sababu katika watu wote wa Mtanda, aliyekuwa hajui hodi ni yeye mwenyewe. Alikuwa akiingia nyumbani kwa kishindo, viatu huku, begi kule, "Jamani nimefika!", na mama nyuma yake na yale maneno ya porini. Leo ndiye wa kuwafunza watu adabu?

Nilimpigia tena rafiki yake. Naye akashangaa. Akasema kwenye gemu la zamani hakuna kitu kama hicho, itakuwa jamaa kaongeza mwenyewe, jaribu vitufe vyote. Nikajaribu vyote. Kimoja kiliifunga kompyuta, kimoja kiligeuza maneno yakawa ya Kijapani, kimoja kikamfanya kijana aruke ruke mlangoni kama aliyekanyaga siafu. Cha hodi hakikuwepo. Nikamgeukia mdogo wangu, nikamwambia, "We mtoto, umeweka nini humu?" Na kabla hajafanya lolote nikajijibu, "Haya, nyamaza, najua huwezi." Nikarudi kwenye vitufe vyangu.

Siku iliyofuata nilimsimamisha tena kijana mbele ya mlango wa bibi. Nikapiga hodi zangu za mdomo, mazoea hayana dawa. Mara nikasikia harufu ya maharage yanashika chini. Nikakimbilia jikoni, nikaipua, nikaongeza maji, nikakoroga, nikamgombeza paka aliyekuwa hana kosa. Niliporudi mlango ulikuwa wazi. Bibi amesimama kizingitini, na kwenye kioo pameandikwa: "Karibu, mwanangu. Wewe umengoja."

Sikuwa nimebonyeza kitu. Nilimtazama mdogo wangu. Pembe ya kushoto ya mdomo wake ilikuwa imepanda juu, na mate yalikuwa yakimtiririka kidevuni. Sikujua kama anacheka au ni misuli tu inamcheza. Nilimfuta mate, nikakaa chini.

Kumbe ilikuwa ni kusimama tu. Unasimama mlangoni bila kugusa chochote, muda mrefu, mrefu kuliko hodi tatu, mrefu kuliko adabu, mpaka bibi ajikokote kutoka uani. Nilijaribu nyumba ya pili, ya tatu, ikawa hivyo hivyo. Mdogo wangu, mtu asiyejua kungoja hata chai ipoe, alikaa Dar akapima mtu angoje kiasi gani mlangoni kwa watu. Kwa nini, mpaka leo sijui. Labda alikuwa anamtania mama. Labda alikuwa na hamu ya nyumbani.

Lakini nilipokuwa nangoja kwenye mlango mmoja wa wale nikasikia mama akimuuliza mdogo wangu: "Unataka chai, baba? Haya, hataki, mletee uji." Hakupumua katikati. Nikakumbuka mjomba na maswali yake ya mfululizo. Nikakumbuka na mimi, haya nyamaza, najua huwezi. Sote tulikuwa tunapiga hodi kwa mtu huyu na kugeuka kabla hajainuka.

Asubuhi nikamwekea kikombe cha chai na bakuli la uji. Nikamuuliza anataka kipi, nikafunga mdomo. Kufunga mdomo kwangu ni kazi kuliko kutwanga. Inzi akatua kwenye uji, akaondoka, akarudi. Nikasikia muuza samaki anapita, nikamwacha apite. Hatimaye mkono wa kushoto ukaanza kutambaa mapajani, pole pole, ukaenda ukagusa kikombe. Nikapiga ukelele. Nikamwita mama aje aone, nikauliza tena, tukangoja, mkono haukuondoka mahali pake. Mama akanitazama kwa huruma, jambo linaloniudhi kuliko matusi.

"Usinitie moyo, mwanangu," akasema. "Nitakuja kuvunjika."

Huenda mkono ulijiendea wenyewe.

Mjomba akaja kabla sijapata cha kumwonyesha. Tulisikia gari likisimama barabarani, mlango ukabamizwa, kisha kandambili zake kwenye changarawe. Nguo za mdogo wangu mama alikuwa ameshazikunja kwenye begi. Kompyuta ilikuwa juu ya kinu, kijana wangu amesimama mlangoni kwa mtu.

"Hodi!"

Nyumbani kwetu hodi hujibiwa kabla haijaisha. Mama akafungua kinywa, nami nikamziba kwa kiganja. Mama yangu mzazi! Akanitolea macho. Sikumwachia. Kwa mkono mwingine nikamwonyesha kiti cha dirishani.

"Hodi wenyewe!"

Koo la mdogo wangu lilipanda, likashuka. Jicho lake lilikuwa mlangoni. Mama akaniuma kidole, nikavumilia.

"Hodi jamani, hamna watu humu?"

Hodi tatu zilikuwa zimekwisha, na mjomba ni mtu wa adabu. Nikasikia changarawe ikigeuka chini ya kandambili, hatua moja, ya pili, anakwenda zake. Nilikuwa nalia sasa, kiganja bado kipo kwa mama, na mama hakuwa anauma tena.

"Ka," sauti ikasema. Ilikuwa nzito, ya kukwaruza, siyo yake niliyoijua. "Ka. Karibu."

Kandambili zikasimama. Mjomba akarudi, akasukuma mlango, akasimama kizingitini akituangalia mmoja mmoja. "Nani kaitika?"

Mama alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Mjomba akavua kofia, akakipita kiti tulichokuwa tumemwekea, akakaa mkekani miguuni pa mpwa wake, pale ninapokaaga mimi.

"Kaitika yeye," akaniuliza kwa sauti ndogo, "au ni ulimi tu umezoea?"

"Sijui, mjomba," nikasema. Na kweli sikujua.

Akatikisa kichwa. Akamwinulia mdogo wangu uso. "Nimekaribia, baba," akasema. "Nimekaribia. Sasa niambie mwenyewe. Twende Rondo, au ubaki hapa kwa mama yako?"

Nilimwona anataka kuongeza neno. Nikamgusa bega, akalimeza. Tukakaa. Huko nje dereva akapiga honi, akapiga tena, na mjomba, bila kuondoa macho usoni pa mpwa wake, akaniambia, "Kamwambie aende zake. Sisi huku tunangoja."