Sukari ya mama ilipanda wiki nzima huku dawa inapungua kwenye chupa: jibu lilikuwa ndani ya kopo la hamira

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo naandika kwa sababu kisa hiki nimekaa nacho muda, na nadhani kuna nyumba nyingine kinaweza kuifaa. Yote yametokea kwangu. Nilichobadilisha ni majina tu. Pale nilipokosea nitasema nimekosea.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi hapa Mji Mkongwe, umri umeshavuka hamsini. Shule niliishia kidato cha pili. Mengine nimejisomea mwenyewe, kidogo kidogo, na nina kasoro ya watu wa aina yangu: nikijua kitu lazima nikieleze.

Mama yangu, tumwite Bi Mize, ni mtu wa Makunduchi. Alihamia kwangu baada ya daktari kusema vidonge vya sukari havimtoshi tena, aanze sindano za insulini, asubuhi na jioni.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Mimi navuta dawa kwenye bomba la sindano, uniti ishirini asubuhi na kumi na mbili jioni. Namkabidhi. Natoka nje ya pazia. Anajichoma mwenyewe tumboni kama nesi alivyomfundisha, kisha anaita, "Tayari!"

Mtauliza kwa nini nisimchome mimi. Wa kwetu wataelewa. Mama hawezi kumfunulia tumbo mwanawe wa kiume na hali mikono yake ni mizima. Mke wangu Zuwena alijitolea, akajibiwa, "Ahsante mwanangu, siku nikikatika mikono nitakwita."

Mabomba yaliyotumika nilitaka yasimchome mtu. Nikachukua kopo kubwa la hamira lililokwisha, nikalitoboa mfuniko, nikamwekea chini ya kitanda. Akimaliza anatumbukiza humo. Likijaa napeleka hospitali wakachome moto.

Miezi minane mambo yalikwenda vizuri. Nampima kila asubuhi, naandika kwenye daftari. Saba, nane, mara chache tisa.

Halafu ikaja Jumamosi moja, kipimo kikasoma 11.2.

Sikushtuka. Jana yake ilikuwa Ijumaa, tulikula pilau, tukakaa jamvini tunazungumza. Nakumbuka nilikuwa nawaeleza mama na Zuwena historia ya hii dawa ya insulini, ilikoanzia, mpaka simu ikalia kwamba chumba cha baridi cha hoteli moja kimezima na samaki wanaharibika. Nikaacha mazungumzo, nikachukua mkoba, nikaondoka.

Jumapili 14. Jumatatu 16.8.

Hapo nikaanza kufanya kazi kama ninavyofanya kwenye mashine. Kitu kikiharibika hubadilishi vyote kwa mpigo. Unabadilisha kimoja, unaangalia.

Kwanza kipimo chenyewe. Nikajipima mimi: 5.4. Nikampima Zuwena: 5.1. Kipimo kizima.

Pili, dawa. Insulini ikipata joto sana inakufa, ikiganda pia inakufa. Umeme ulikuwa umekatika mara mbili wiki ile. Nikaweka kipimajoto ndani ya friji, nikakisoma kila nikipita. Kati ya nyuzi nne na sita. Sawasawa kabisa. Hata hivyo Jumanne nikaitupa ile chupa, nikafungua mpya.

Jumanne hiyo 19.5. Jumatano 23.

Tatu, chakula. Hapa nikamkosea mke wangu. Nikamuuliza mbele ya mama kama anamtilia sukari kwenye chai.

Zuwena akaweka birika chini. "Baba Nassor, mwezi wa nane huu napika vyungu viwili, cha mama na chenu. Leo ndio nimekuwa mchawi?"

"Nimeuliza tu."

"Hukuuliza. Umenipima kama unavyopima gesi kwenye hayo mafriji yako. Kapime na paka."

Mama akacheka kidogo, akaomba maji. Alikuwa anakunywa maji mengi, jagi baada ya jagi, na njia ya chooni haikauki. Nikamwambia twende hospitali.

"Nna nini mimi? Jua kali hili, kila mtu ana kiu. Jumatatu si tuna kliniki? Tutakwenda Jumatatu."

Nikakubali. Wakuu, hapa nimekosea. Sukari ya 23 kwa mtu wa miaka sabini na tatu haisubiri kliniki ya Jumatatu. Nilijua, na bado nilikubali, kwa sababu nilitaka kwanza nipate jibu langu.

Na jibu halikuwepo. Dawa navuta mwenyewe. Chupa inapungua kwa kiasi kile kile. Mabomba yanatumbukizwa koponi kama kawaida. Hata chumba chake kilikuwa na ile harufu ya insulini, wanaoitumia wanaijua, inafanana na dawa ya kusafishia vidonda. Nilikuwa nikiinusa narudi na moyo mtulivu, najua dawa inatumika.

Alhamisi 27.1.

Ijumaa asubuhi niliingia na bomba, nikaita, "Mama!" Siku zote hujibu, "Naam." Siku ile hakujibu. Alikuwa amelala chali, macho nusu, midomo imekauka imepasuka. Nikamtoboa kidole. Kipimo hakikuandika namba. Kiliandika herufi mbili tu, HI, maana yake sukari imepita uwezo wake wa kuhesabu.

Zuwena akamvisha baibui, mimi nikaita teksi. Nikainama chini ya kitanda kuchukua viatu vyake, mkono ukagonga lile kopo la hamira. Likapinduka.

Likamwaga maji.

Hayakuwa mengi, hayafiki nusu kijiko cha chai. Lakini yalinuka insulini kiasi cha kuniwasha pua. Bomba lililotumika haliachi maji, linaacha labda tone. Nikafungua mfuniko, chini ya mabomba pamba anazojifutia zimelowa chapachapa.

Nilikaa pale sakafuni kiatu kimoja mkononi. Nikajumlisha kichwani: uniti thelathini na mbili kwa siku, siku sita. Ni kama kiasi hicho hicho: alikuwa anaimwaga humo. Hakuna hata dozi moja iliyoingia mwilini mwake tangu Ijumaa iliyopita.

Sikumwambia mtu. Nikalifunga kopo, nikalitia kwenye mkoba wangu wa kazi pamoja na boksi la dawa, daktari aone.

Hospitalini wakamwekea dripu ya maji haraka. Daktari wa zamu, mwanamama mpole lakini hazungushi maneno, akatazama majibu ya damu, akaniita pembeni.

"Maji yatamsaidia, ila bila insulini hatutafika mbali. Mwili umekauka, na figo zimeanza kulalamika. Tunaanza sasa hivi."

Nesi akaja na bomba. Mama, ambaye tangu nyumbani hajasema neno zima, akafungua macho. Akamshika nesi kifundo cha mkono.

"Hiyo ni ile ile?"

"Ni insulini, bibi. Ya kushusha sukari."

"Basi usinitie."

"Bibi, hali yako..."

"Nimesema usinitie, mwanangu. Niwie radhi, lakini usinitie."

Zuwena akaanza kulia. Mimi nikainama nikamwambia mama kwamba nimeona kopo. Nikamuuliza kwa nini.

Akanigeukia. Sauti yake ilikuwa kama karatasi.

"Wewe mwenyewe umesema."

"Nimesema nini, mama?"

"Pale jamvini. Umesema dawa hii inatoka kwenye kongosho la nguruwe."

Wakuu, sijui nielezeje.

Ni kweli nilisema. Nilikuwa naanza mwanzo, kama ninavyopenda kuanza. Nikasema zamani insulini ilikuwa inatolewa kwenye kongosho la ng'ombe na la nguruwe. Hapo ndipo simu ilipolia. Sehemu ya pili, kwamba hayo yameshapita na sasa inatengenezwa kwa bayoteknolojia, niliondoka nayo kwenda kutazama samaki wa hoteli. Sikuirudia.

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikustahi," akasema. "Unavyonihangaikia, unaamka alfajiri kunivutia dawa. Ningekwambia vipi kuwa mwanangu unanitia nguruwe mwilini miezi minane? Nikasema hili nitalimaliza mimi na Mola wangu, kimya kimya."

Daktari akasogea. "Bi Mize, hata ingekuwa hivyo, dharura inaruhusu."

"Dharura ni pale ambapo hamna kingine, daktari. Hamna kingine?"

Daktari akanitazama mimi. Maana yake: umeanza wewe, maliza wewe.

Nikawa na dakika chache za kusema jambo moja kwa mtu aliyechoka, na nililolisema mara ya kwanza ndilo lililomleta pale. Nikaona nianze na kitu anachokijua yeye kuliko mimi.

"Mama, unaijua hamira."

"Nimepika mkate wa kumimina miaka hamsini, unaniuliza hamira?"

"Hamira ni kitu hai?"

"Hai. Ukiitia maji ya moto unaiua. Ukiilisha sukari inafura."

"Basi dawa hii siku hizi inafanywa na hamira. Wataalamu wamechukua yale maagizo ya mwili wa binadamu ya kutengeneza insulini, wakayatia ndani ya hamira. Ikajifunza. Wanaiweka kwenye mapipa makubwa, wanailisha, inafura, na inatengeneza insulini. Wanaichuja, wanaisafisha, wanatia chupani."

Akafumba macho. Nikadhani nimempoteza. Kumbe anafikiri.

"Wanailisha nini?"

Mpishi yeyote angeuliza hilo. Mimi sikuwahi kujiuliza.

"Sukari," nikasema. "Sukari najua. Na chumvi chumvi fulani. Mengine sijui, mama."

"Ehe," akasema. "Leo umesema hujui."

Sijawahi kusifiwa vile. Lakini mkono wa nesi bado alikuwa ameushika.

"Nitajuaje kama hukunitungia? Mwanangu wewe, ungesema lolote nisife."

Nikaomba boksi la dawa ile ya wodini. Lilitoka kiwanda kile kile cha dawa yetu. Nikatoa karatasi iliyokunjwa ndani, nikavaa miwani. Pale wanapoeleza ilivyotengenezwa kuna jina la Kilatini, maneno mawili: Saccharomyces cerevisiae.

Nikakumbuka mahali nilipoyaona. Nimelitoboa lile kopo mwenyewe, nimelisoma kama ninavyosoma kila kitu. Nikalitoa kwenye mkoba. Ubavuni, kwa herufi ndogo chini ya neno viambato, maneno mawili yale yale.

Mama hasomi herufi za Kizungu, anasoma za Kiarabu. Nikamwekea karatasi na kopo sambamba, nikamwambia atazame maumbo tu.

Akaachia mkono wa nesi. Akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza ya karatasi, kisha ya kopo.

"Kijoka. Na huku kijoka." Akasogeza kidole. "Vikombe viwili vimelala... na huku vimelala."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alijiinua kwa kiwiko atazame. Nesi amesimama na bomba, daktari anatazama saa yake, dripu inadondoka, na mama anakwenda herufi kwa herufi kama anayekagua mchele. Nilitaka kumwambia aharakishe. Nikajizuia. Kilichomleta pale ni haraka yangu.

Akafika mwisho.

"Ni moja," akasema.

"Ni moja, mama. Ila si hii hasa ya kopo. Ni jamaa yake, aliyefunzwa kazi nyingine."

"Sasa unaniongezea maneno ya nini? Nshaelewa." Akamgeukia nesi, akafunua mkono. "Haya mwanangu. Bismillahi."

Saa sita mchana kipimo kiliandika namba tena: 29. Sijawahi kufurahia 29. Jioni 18. Alikaa wodini siku tano. Figo zimerudi karibu na zilivyokuwa, daktari anaendelea kuzifuatilia.

Nimemwomba Zuwena msamaha, mbele ya mama kama nilivyomkosea mbele ya mama. Akasema amesamehe, lakini paka nimpime vile vile.

Nilichojifunza mimi ni kidogo. Nilikagua kipimo, dawa, friji na chai, na sikumkagua mtu aliyekuwa nyuma ya pazia, yaani kumkalisha na kumuuliza. Na mzee wako akiacha dawa ghafla, usidhani ni ukaidi tu. Huenda amesikia neno, na huenda amelisikia kwako.

Tahadhari: insulini si zote zinatokana na hamira. Nyingine zinatengenezwa na bakteria waliofunzwa vivyo hivyo. Soma karatasi ya chupa yako, muulize mfamasia, wala usibadilishe dozi kwa maneno ya uzi huu.

Sasa hivi mama bado anajichoma mwenyewe nyuma ya pazia. Saa ikifika anaita, "Lete hamira yangu." Na nikiwa naeleza kitu, simu ikalia nikataka kuinuka, ananishika kanzu.

"Kaa. Maliza kwanza."

Samaki wa hoteli wanasubiri.

Wauguzi, wafamasia na wenye wazee wa sukari humu, nipeni yenu. Nani mwingine ameulizwa swali hili nyumbani, na alijibuje? Na kama kuna anayejua hiyo hamira inalishwa nini zaidi ya sukari, aniandikie hapa chini. Nimeahidi kupeleka jibu.