Viti Mia, Mahema Mawili na Baba Mkubwa

Mtu akikwambia kwamba wakimbizi ni hasara tupu, muulize kwanza yeye anauza nini. Mimi nakodisha viti na mahema hapa Niboye, na nasema bila aibu: Warundi walipoanza kumiminika Kigali mwaka 2015, ndipo biashara yangu iliposimama. Mkimbizi huvumilia chumba kibovu, huvumilia kukosa kazi aliyoisomea, lakini kuoa ataoa. Tena ataoa haraka, maana upweke wa ugenini hauna subira.

Sikatai, wako walioumia. Kodi za nyumba zilipanda wilaya yetu yote ya Kicukiro, na mafundi wetu wa ujenzi walilia kweli, maana Mrundi akipewa nusu ya ujira alishukuru na kuuliza aanze lini. Shemeji yangu ni fundi, na mpaka leo tukikaa mezani hatuzungumzii jambo hilo. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, na mimi ngozi yangu ni viti.

Lakini ninayetaka kusimulia habari zake ni jirani yangu, Mzee Bayingana. Alizaliwa Karagwe, Tanzania, walikokimbilia wazazi wake. Akarudi Rwanda akiwa mtu mzima, akatunza ghala la kahawa mpaka akastaafu. Baada ya hapo kazi yake ikawa moja tu, kubishana na redio. Alikuwa na kitambi cha heshima, mvi zilizokaa mahali pake, na sauti ambayo akikohoa hapa, mbwa wa Kagarama, mtaa wa pili, wananyamaza. Mimi nimekulia Ngara, kwa hiyo tulizoea kuongea Kiswahili juu ya ua, yeye akilalamikia serikali za nchi zote na mimi nikianika vitambaa vyangu vya meza.

Siku moja akaja kwangu kijana Mrundi aitwaye Régis. Akauliza bei ya viti, akalipa bila kubishana, halafu akabaki amesimama.

"Mama, viti nimepata," akasema. "Watu ya kuvikalia ndiyo iko shida."

Nikamwelewa. Huku kwetu huoi kwa kupendana peke yake. Kuna siku ya gusaba, siku ya kuposa, wazee wa mvulana wanapokaa kuwakabili wazee wa msichana. Wanarushiana maneno ya mafumbo, hawa wanaomba, wale wanajifanya hawana binti kabisa nyumbani, mpaka ng'ombe atajwe na watu wacheke. Asiye na mzee hana pa kuanzia. Na wazee wa Régis walikuwa ng'ambo ya mpaka, wengine hai, wengine hajui.

Nikatazama juu ya ua. Mzee Bayingana alikuwa amevaa koti, anamkemea mtangazaji.

"Yupo mmoja," nikasema.

Nikamkodisha pamoja na viti. Aligoma kwa muda wa kunywa chai, kisha akauliza kama chakula kimo. Siku ya siku aliketi kiti cha mbele, akajitambulisha kuwa kaka mkubwa wa baba yake Régis, na alipofika kumtaja marehemu bibi ambaye hakuwahi kumwona, akatoa machozi. Upande wa pili wote wakalia. Mimi mwenyewe nililia, na mimi ndiye niliyemleta!

Habari zikaenea. Warundi wakawa hawaulizi tena mahema pekee. Wanasema, "Mama Shami, tunataka yote, na mzee pia." Bei ikawa moja: viti mia, mahema mawili na baba mkubwa. Mpishi akapata kazi, mpiga picha akapata kazi, mwenye kuazimisha mishanana, nguo za sherehe za akina mama, akajenga choo cha ndani. Watu waliokuja mikono mitupu walitulisha mtaa mzima, na bado kwenye mikutano ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, tunasikia kwamba wametumaliza.

Mzee Bayingana akaichukua kazi ile kama mtu aliyepandishwa cheo. Akanunua fimbo. Akajifunza kusema "ego", ndiyo ya Kirundi, badala ya "yego" yetu, na kupiga ishara ya msalaba, ingawa ni Mwanglikana wa kuzaliwa. Mtu akishangaa lafudhi yake, anajibu kwamba aliondoka Burundi mdogo sana, akalelewa Tanzania, na hiyo nusu yake ilikuwa kweli. Kila familia aliidai majina ya babu mpaka wa nne, akayakariri akitembea uani.

Ubaya wake ni kwamba hakujua kumaliza kazi. Mwenzako harusi ikiisha anakunja koti. Yeye Jumapili maharusi wake wanamjia. Huyu kagombana na mkewe, yule anatafutia mtoto jina, huyu amekuja tu kusalimia baba mkubwa na amefika saa ya chakula. Mkewe, Mukagasana, alikuwa anapika sufuria la hoteli.

"Umelipwa ya siku moja," alimwambia mbele yangu. "Mbona wanakula mwaka mzima?"

Nami nikamshauri kama mfanyabiashara. Nikamwambia anachoingiza Jumamosi anakitoa Jumapili. Akaniangalia kwa hasira.

"Mama Shami, viti vyako vikirudi unavihesabu na kuvifungia. Mimi watoto wakirudi niwafanyeje?"

Nikaona mzee amekwisha haribika.

Ndipo ikaja posa ya Alida. Alida anasuka nywele pale Kagarama. Alikimbia Bujumbura na baba yake, na baba akafia hapahapa Kigali, akamwacha peke yake. Sasa alikuwa amependwa na Conrad, kijana mzuri, mpole, ambaye mbele ya mama yake alikuwa anasahau hata jina lake. Mama huyo ni Phiona, amekulia Uganda, anakaa Kiyovu kwenye nyumba yenye bustani kubwa kuliko nyumba yenyewe. Naye alisema wazi: "Mrundi sina neno naye. Neno langu ni mtu asiye na kwao. Nionyeshwe ukoo wake nitatoa ng'ombe. Nisipoonyeshwa, Conrad atafute mwingine." Conrad akainamisha kichwa. Kwa hiyo siku ya posa tungempatia Alida mume au tungempotezea, hapakuwa na njia ya kati.

Nilipompelekea Bayingana kazi hiyo nilimkuta hana maswali. Hakudai hata jina la babu.

"Ya kwao nayajua," akasema, akarudi kwenye redio.

Ilikuwa Desemba ya 2023, mpaka wa Burundi, uliokuwa umefungwa, umefunguliwa tena na mabasi yanakwenda na kurudi. Alida alimpigia simu baba yake mdogo wa kweli, Silvère, aliyebaki Bujumbura. Silvère akajibu hana nauli wala hati ya kusafiria, tusimngoje. Basi hatukumngoja.

Sherehe ilianza vizuri mno. Msemaji wa akina Conrad alikuwa Norman, wakili mstaafu mwenye miwani ya kuning'inia kwenye kamba, mtu wa kukuuliza jambo moja mara tatu ili uchanganyikiwe. Bayingana akamjibu yote. Akataja babu wa Alida mpaka wa nne. Akasema mzee wao alizaa wana watatu, yeye mkubwa, baba yake Alida wa kati, na mdogo yuko Bujumbura, njia imemshinda. Phiona alikuwa ameanza kutabasamu na Fanta yake mkononi. Nikaanza kupiga hesabu ya kukunja mahema.

Hapo ndipo geti liliposukumwa. Akaingia mtu mwembamba wa makamo, vumbi mpaka kwenye nyusi, suruali moja imeingia kwenye soksi. Alida akapiga ukelele: "Baba mdogo!" Silvère alikuwa amepata hati, akakopa nauli, akaamua kutushangaza, na kweli alitushangaza.

Bayingana akafikiri haraka. "Huyo! Mdogo wangu huyo, niliwaambia! Mpeni kiti!"

Silvère akasimama pale pale. Mrundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, akikasirika, Kiswahili ndicho kinachotangulia. "Mdogo wa nani? Baba yetu alizaa wawili tu. Mmoja amekufa, mwingine ni mimi. Huyu mzee ametoka wapi?"

Phiona akaweka Fanta chini. Conrad akatazama viatu vyake kana kwamba vimeandikwa kitu. Na Norman, Mungu amsamehe, akavaa miwani polepole kwa raha zote za dunia.

"Tuelewane," akasema. "Wewe unasema hii mzee hapana ndugu yako. Unamujua ao haumujui?"

"Simjui. Sijawahi kumwona."

Alida alikuwa amefunika uso. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na viti vyangu vyote, maana mimi ndiye niliyempatia mtoto wa watu ukoo wa kukodi, na sasa ulikuwa unamvunjikia kichwani mbele ya mama mkwe. Bayingana akainuka. Kwa mara ya kwanza nikaona mzee yule amekosa chozi la kazi.

"Mwanangu," akamwambia Silvère kwa sauti ya chini, "kosa ni langu, si la mtoto. Mtoto msimwadhibu. Nilisimama tu kwa sababu palikuwa hapana wa kusimama."

Silvère akageuza kichwa, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Hayo. Sema tena."

"Nilisimama kwa sababu palikuwa hapana wa kusimama."

Silvère akaanza kulia, si kidogo. Akamwendea mzee, akamshika mikono yote miwili. Kisha akamgeukia Norman, na maneno yake nayakumbuka yote.

"Uso siujui. Sauti naijua. Siku tunamzika kaka yangu hapa Kigali, mimi nilikuwa Bujumbura, siwezi kuvuka. Wakaweka simu juu ya sanduku ili nisikie. Nikasikia mtu mmoja anasema: nasimama kwa ajili ya familia, kwa sababu hapana wa kusimama. Kisha nikasikia udongo. Miaka yote nimejiuliza yule mtu ni nani."

Nami sikujua. Siku hiyo ya mazishi hakuna aliyekodi kiti kwangu, wala hakuna aliyemkodi Bayingana. Alikwenda mwenyewe, na majina ya babu aliyajifunza huko.

Norman akavua miwani, lakini wakili ni wakili. "Sasa mzee yenu alizaa wangapi?"

"Alizaa wawili," akasema Silvère. "Wa tatu tumempata Kigali. Andika hivyo."

Phiona ndiye aliyecheka kwanza. Akasema katika ukoo wake mwenyewe wako wawili ambao angefurahi kama wangekuwa wa kukodi, angewarudisha. Ng'ombe akatajwa. Alida akatolewa ndani akiwa amevimba macho na amependeza, na Conrad kwa mara ya kwanza akasema jambo mbele ya mama yake, akasema asante.

Jioni nilimpelekea Bayingana bahasha yake. Akairudisha.

"Tangu lini mtu akalipwa kumwoza mtoto wake?"

Nikadhani ni hasira za siku moja. Lakini kwenye posa iliyofuata mzee alisimama, akafungua mdomo, wakatoka babu za Alida. Bwana harusi akamkonyeza, akaanza upya, wakatoka tena walewale. Nikarudisha pesa za watu. Mzee akatundika fimbo, nami nikabaki na viti mia, mahema mawili na pengo.

Silvère naye alikuwa amekuja kwa siku chache. Januari mpaka ukafungwa tena, naye bado yuko kwa Bayingana, anafagia uwanja ambao umekwisha fagiwa, anakula kidogo kwa aibu. Siku moja akanijia kwenye ua.

"Mama Shami, nasikia unatafuta mzee ya posa. Nitafanya kwa nusu ya ile bei."

Nilifurahi kuliko ninavyopaswa kusema. Ila ujirani ni ujirani, nikaenda kumwomba Bayingana ruhusa. Alikuwa mlangoni na redio yake.

"Silvère?" akasema. "Kwa kiasi gani?"

"Nusu."

Aliruka kwenye kiti. "Nusu! Unaona? Ndiyo haya wanayoyasema watu! Wanakuja, wanakubali nusu, wanatuharibia soko!" Akazima redio kwa nguvu, akapiga hatua uani, na mishipa ya shingo imemsimama. Kisha akasimama ghafla katikati ya uwanja, akitazama mlango wa ndani. Nikadhani anaumwa.

Akaita ndani. Silvère akatoka na ufagio mkononi.

"Mdogo wangu," akamwambia, "usikubali nusu. Nusu anakubali mtu asiye na ndugu mjini. Wewe una kaka hapa."

Na huyo kaka akanigeukia mimi. Tulibishana mpaka Mukagasana akaleta chai, na tangu siku hiyo namlipa Silvère bei kamili.