Keki ya ubatizo, mama mkwe kando ya jiko, na mimi nimekwama ndani (Likasi, enzi za Zaire)

Wakuu, salamu kwenu nyote mliojikalia nyumbani weekend hii.

Juzi nimesoma humu jamaa analalamika kwamba mama mkwe wake hamsemeshi, kwa hiyo ana uhakika anamchukia. Nimecheka peke yangu kama mwehu, halafu nikanyamaza, maana na mimi niliwahi kuwa na uhakika kama huo.

Sitatia chumvi. Mimi ni mpishi wa keki, kipimo cha chumvi nakijua.

Kiswahili changu asili yake ni Katanga. Nimekaa Kigoma miaka mingi, ndiyo maana kimenyooka kidogo. Kikiteleza mnivumilie.

Sasa twende Likasi, mtaa wa Panda, kwenye kambi ya wafanyakazi. Enzi zile nchi bado inaitwa Zaire, na kampuni ya serikali ya shaba ndiyo baba na mama. Nyumba ya kampuni, unga wa kampuni, hata king'ora cha kukuamsha ni cha kampuni.

Mimi sikuwa wa mgodini wala kiwandani. Nilikuwa mpishi kwenye klabu walikokula mainjinia, upande wa vitu vitamu. Keki, biskuti, tati, yaani pai za ndizi, zote hizo mkono huu. Nilijisikia sana, sikatai.

Mke wangu aliitwa Numbi. Mama yake aliishi kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele.

Hapa lazima niwaeleze kitu, bila hicho uzi hauna maana.

Kwetu, kati ya mwanaume na mama wa mke wake kuna heshima inaitwa buko. Humtazami usoni. Huli anapokula yeye. Yeye hagusi chungu chako. Mkikutana njiani, mmoja anaacha njia. Hakuna maneno ya ana kwa ana. Kawaida inafunguliwa mtoto wa kwanza akishazaliwa: unatoa kitambaa na kuku, yeye anakula chakula kutoka mkononi mwako, basi, imekwisha, mnaongea kama watu.

Mimi nililelewa kambini, mchanganyiko wa makabila, mama yangu alikufa nikiwa mdogo. Nani wa kunifundisha?

Siku ya harusi nikamwona mama mkwe, nikamfuata mikono wazi, nikambusu mashavu mawili. Nilikuwa nawaona wazungu wa klabuni wanavyosalimiana, nikadhani ndiyo ustaarabu.

Wakuu, yule mama alikimbia. Alizunguka nyuma ya nyumba na hakutoka mpaka sherehe ikaisha. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tangu siku ile, karibu miaka miwili, sikupata neno lake hata moja. Anatuma samaki, anatuma salamu kwa Numbi, mimi hata jina langu halitajwi. Nikajiambia huyu mama ananiona mshenzi, na mimi nikaweka kinyongo. Numbi alipotaka kwenda kujifungulia kwa mama yake nilikataa. Nikasema hatuwezi kwenda kujipendekeza pasipotakiwa. Alilia, na bado nilikataa. Hilo nalisema kwa aibu.

Sasa mtoto, Kyungu, ana miezi mitatu. Ubatizo Jumapili. Mama mkwe atakuja. Ndipo mjomba wa Numbi akanifundisha buko, akanionya kwamba siku hiyo ndiyo ya kuifungua. Mama akila mkononi mwangu, nimekuwa mtoto wake. Akikataa, anarudi ziwani na tunangoja mtoto mwingine, kama atakuja.

Nikasema kuku na kitambaa kila mtu anatoa. Mimi nitamwekea na keki, ajue binti yake hakuolewa na mjinga.

Jumamosi asubuhi nikaanza. Unga wa mgao nilikuwa nimeuweka tangu mwanzo wa mwezi, wa keki moja tu, hakuna wa pili. Mayai sita, majarini, maganda ya limau. Nyumbani oveni hakuna. Unaweka sufuria juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, unafunika, unapanga makaa mengine juu ya kifuniko. Siri yote iko hapo. Makaa ya juu yakikaa muda mrefu kidogo tu, keki inakuwa tofali.

Nikiwa napiga mayai, jirani yetu Mama Mwape akaja kuomba moto. Kuona mwanaume na bakuli mapajani, akasahau moto. Akaenda kuwaita wenzake wawili waje kutazama. Wakasimama pale wananishauri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupika keki maishani mwake.

Hao hawajaondoka, filimbi. Salongo.

Salongo ilikuwa kazi ya lazima ya kusafisha mtaa kila Jumamosi, kila nyumba itoe mtu, na bwana mmoja wa chama tawala alikuwa anahesabu nyumba kwa nyumba. Numbi akachukua jembe akasema yeye ataenda, mimi nibaki na keki na mtoto. Akina Mama Mwape nao wakaenda. Kambi nzima ikabaki kimya.

Nikaweka sufuria motoni, makaa juu, safi kabisa. Kyungu akaamka analia. Nikaingia ndani, nikabadilisha nepi, nikamwimbia, na sauti yangu mjue si ya kanisani.

Ninarudi mlangoni na mtoto mkononi, naona mwanamke amekaa kwenye kigoda kando ya mbabula, amenipa mgongo. Pembeni kapu la samaki waliokaushwa.

Mama mkwe.

Alikuwa aje Jumapili. Kumbe lori la samaki limeondoka siku moja mapema, akapanda. Amefika, uwanjani hakuna mtu, amekaa kumngoja binti yake.

Nikarudi nyuma kama niliyekanyaga nyoka.

Sasa fikirieni. Keki iko umbali wa hatua sita. Makaa ya juu yanatakiwa kutoka baada ya dakika chache. Na pale ndipo amekaa mtu nisiyeruhusiwa kumsogelea, ambaye nilishamkosea mara moja, na kesho ndiyo siku ya kunihukumu. Nikitoka, nimerudia kosa la harusi. Nisipotoka, keki ndiyo basi.

Nikatokea mlango wa barabarani na mtoto begani nikamwite Numbi. Kwenye kona nikakutana na bwana wa chama. Akaniuliza mwanaume mzima natembeatembea Jumamosi naenda wapi, akanyoosha mkono kunipa panga la kufyekea. Nikageuka, mbio mpaka ndani.

Nikasimama nyuma ya dirisha. Harufu ilikuwa tamu. Halafu ikawa tamu sana. Wapishi mnaijua harufu hiyo, ikishafika hapo inayofuata ni majonzi. Jasho linanitoka, Kyungu ananivuta sikio.

Ndipo nikasikia sauti. Hakugeuka. Alisema akitazama mbele, kama anaongea na ukuta wa jirani.

“Weye Kyungu, mujukuu wangu. Ambia baba yako, gato yake iko naungua.”

Wakuu, gato ndiyo keki. Miaka miwili, na neno la kwanza ni hilo, tena kupitia mtoto wa miezi mitatu.

Nikamwinamia mtoto, nikasema kwa sauti ya kufika nje: “Kyungu, ambia kambo yako atoshe makala ya juu.” Kambo ni bibi, na atoshe makala ni atoe makaa.

Halafu akajibu.

“Kyungu, ambia baba yako, minye siwezi kugusa chungu yake. Ni buko.”

Ni kweli. Nilikuwa nimesahau na hilo. Yeye hawezi kugusa, mimi siwezi kutoka, na moshi mwembamba umeanza kutoka kwenye kifuniko.

Nikasikia kigoda kinasogea. Mama akasimama, akajifunika kitenge kichwa chote, akatembea mpaka mwisho wa uwanja kwenye migomba, akageukia ua.

“Kyungu, ambia baba yako, kambo haone kitu.”

Nilitoka mbio, mtoto mkono mmoja, koleo mkono wa pili, uso nimeugeuza upande nisije nikamwona. Jaribuni kutoa makaa juu ya sufuria bila kutazama. La kwanza lilianguka chini, la pili likaniangukia kwenye kidole cha mguu. Nikapiga ukelele, nikarukaruka kwa mguu mmoja, Kyungu akacheka kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kabla ya hapo hakuwahi kucheka, muulizeni yeyote mnayetaka.

Na kule kwenye migomba nikaona kitenge kinatikisika. Alikuwa anacheka mpaka ameshika mgomba.

Numbi aliporudi na kusikia habari alikaa chini na jembe lake akashindwa kusimama kwa kicheko.

Keki ilikuwa imeungua upande mmoja, nyeusi kabisa. Nikapunguza kwa kisu, kovu likabaki. Nilikasirika kweli. Ingekuwa klabuni, ningeitupa.

Jumapili, misa, ubatizo, kisha tukakaa uwanjani. Mjomba akatoa kitambaa kwa niaba yangu, mama akapokea. Akatoa kuku, akapokea. Kikabaki chakula. Nikaanza kumkatia keki upande ule mzuri.

Akamnong'oneza mjomba. Mjomba akasema mama anataka upande wenye kuungua.

Nikadhani ananidhihaki. Nikakata, nikampelekea nikiwa nimeinama, macho chini. Akala pale pale, taratibu, hakubakiza hata chembe. Halafu akanishika kidevu akaniinua uso. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama usoni vizuri. Numbi amefanana naye mno.

Ikanitoka bila kupanga. Nikamwambia: “Mama, nilizania weye hanipende.”

Akashangaa kabisa.

“Muntu mwenye sipende, nasemaka naye kila siku, tunabishana. Weye nilikuwa nakuheshimia. Ile siku ya ndoa nilikimbia juu yako, bantu basikucheke, baseme haukufundishwa. Na wakati wa kuzala kwa mutoto wangu nilitengeneza nyumba, nikangoja, hamukuya.”

Alikimbia nisirudie kosa mbele ya watu, kunifichia aibu mimi, kama alivyokula upande ulioungua usiwafikie wageni. Miaka miwili nimemlipa kwa kinyongo, na nyumba aliyoitayarisha ilikaa tupu.

Nililia mbele ya wageni wote, wakuu, mwanaume na koti lake la Jumapili. Mama akapangusa mashavu yangu kwa kitambaa kipya nilichomletea, akanisogezea kigoda.

“Ikala, mutoto yangu. Tukule.”

Fundisho langu ni dogo. Kimya cha mtu usikitafsiri peke yako ukiwa na hasira, utakosea. Tafuta mtu wa kumuuliza, hata kama ni kupitia mtoto asiye na meno.

Nyie wenye wakwe, semeni ukweli hapo chini: ni nani mmemnunia miaka yote hii na hamjawahi kumuuliza? Na mwenye dawa ya keki kuungua upande mmoja juu ya makaa asinipite, mpaka leo sijaipata.