Breki Elfu Arobaini

Niliambiwa, nami nikaamini kabisa, kwamba kila lori hutoka kiwandani Ulaya likiwa na breki elfu arobaini, wala si moja zaidi. Ukikanyaga, moja imekwenda. Zikiisha zimeisha, hakuna fundi chini ya mbingu atakayezirudisha. Aliyenieleza alikuwa mchuuzi wa mahindi pale Khayega, mtu aliyefika Mombasa mara mbili. Mtu kama huyo ungembishia nini?

Bendera ilikuwa bado mpya, na wazungu wa Lugari walikuwa wakiuza mashamba na kuondoka. Familia zilizogawiwa shamba moja upande wa Mautuma zilinunua pia lori la mwenye shamba, zee la kijani lililokohoa hata likiwa limezimwa. Nikapewa mimi kuliendesha, kwa kuwa nilikuwa na leseni, na pia cheti cha shule ya usiku, ambacho nilikibeba mfukoni hata nikienda kuoga mtoni.

Lakini nilikuwa na wasiwasi wangu wa siri. Yule mzungu aliyetuuzia lori alipenda ndege. Ilisemekana kila alipopita msitu wa Kakamega akaona ndege, alisimamisha lori amtazame. Na msitu ule una ndege wangapi? Nilipiga hesabu ukutani kwa makaa, nikafuta, nikapiga tena. Tulibakiwa na breki mia tatu hivi.

Basi nikawa bahili wa breki. Nilishuka vilima kwa gia, nikasimama kwa kupanda ukingo wa barabara. Kuku wote wa Mautuma walinijua kwa jina.

Lori lilipoanza kuvutia upande mmoja, wenye shamba wapya walinituma mjini kwa fundi mmoja mzee. Alikuwa amejifunza magari jeshini, akarudi na mguu wa kulia usiokunjika. Alivua magurudumu yote, akabadilisha viatu vya breki, vile vyuma vyenye kitu kigumu kinachosugua ndani ya gurudumu. Akabadilisha mipira na mabomba. Kisha akafunga busta aliyoitoa kwenye lori jipya zaidi lililopinduka, kopo kubwa la chuma linalovuta nguvu ya injini kuusaidia mguu.

“Sasa hata nyanya yako atasimamisha hii kitu,” akasema. “Panda juu, mwalimu. Tutoe hewa.”

Mwalimu ndiye mimi, kwa sababu ya cheti. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: yeye alilala chini kando ya gurudumu na spana, na kimpira kilichotumbukizwa kwenye chupa ya mafuta ya breki. Mimi nilikanyaga pedali na kumjibu. Hewa iliyoingia mabombani ilitoka kwa mapovu ndani ya chupa, na mapovu yakiisha, anafunga.

“Kanyaga!”

“Nimekanyaga!”

“Achilia!”

“Nimeachilia!”

Gurudumu la kwanza, breki ishirini. La pili, ishirini na tano. Moyo ulikuwa ukinitoka damu. Huyu mzee alikuwa akimaliza mali ya watu kwa siku moja! Kufika la tatu nikapata akili. Aliposema kanyaga, niliketi kimya, nikaita kwa sauti ya mtu anayesukuma jabali, “Nimekanyaga!” La nne vilevile. Kule chini mapovu hayakuonekana, mzee akaridhika, akafunga.

“Pedali ikoje?”

Niliigusa mara moja tu. Ilizama kama kidole kwenye obusuma, ugali wa moto. Lakini nikisema laini, tutaanza upya.

“Ngumu kama jiwe, mzee!”

Hapo ndipo nilipoijua desturi ya gereji ile. Lori lilijazwa mawe, likapelekwa juu ya mteremko unaoshuka kuelekea kijito. Fundi akachukua debe la majivu, akachechemea mpaka chini, akamwaga mstari katikati ya barabara. Kisha akasimama nyuma ya mstari, akinitazama, mikono kifuani.

“Mzee, toka hapo!” nikapaza sauti.

“Mimi nasimamanga hapa! Kazi ni yangu, nitaitoroka namna gani? Toa gia, wacha itelemke!”

“Na mguu wako?”

“Mguu umekukosea nini? Kuja!”

Watu walikuwa wamejaa kando, wanacheka. “Mwalimu anaogopa!” mmoja akasema. “Ataanguka mtihani!” Ningeweza kusema pale pale kwamba pedali ni laini. Neno lilifika mdomoni, likakutana na cheti, likarudi. Nikatoa gia.

Lori likaanza polepole, kisha si polepole. Nikakanyaga. Mguu ukaenda mpaka sakafuni bila kukuta kitu. Nikavuta breki ya mkono, ikalia kama mbuzi na lori likazidi mbio. Mzee pale chini akakua: kwanza kofia, kisha ndevu, kisha nikaona kifungo kimoja cha shati hakipo. Hakusogea. Hakujua. Alikuwa amesimama juu ya neno langu.

Nikasahau ndege, nikasahau mzungu na zile mia tatu. Nikakanyaga, nikaachilia, nikakanyaga, kama mwanamke anayetwanga mahindi na wageni wameshaketi. Mara ya tano pedali ikapanda kidogo. Ya saba ikakamata. Magurudumu yakapiga kelele iliyosikika Uganda, mawe yakaruka, lori likavuka majivu na kusimama. Kati ya chuma na shati ya mzee hapangepita chapati.

Kicheko kilikatika. Mzee akaweka kiganja kwenye boneti. Kisha akaja dirishani.

“Kwenye gurudumu la nne ulikanyaga mara ngapi?”

“Hata moja, mzee.”

“Sababu?”

Nikamweleza yote, elfu arobaini, ndege, hesabu ya makaa. Nilingoja anichape. Hakucheka wala hakufoka.

“Breki haina idadi, mwana wefwe,” akasema, akiniita mtoto wa kwao. “Viatu vikiisha tunaweka vingine. Kilichokuwa kinaniua leo ni hewa uliyoiacha ndani. Rudisha lori juu, ukanyage mpaka niseme basi.”